Mchezaji Asiye na Kituo

Tarehe 25 Aprili 1884, katika mji wa Palatka, jimbo la Florida, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la John Henry Lloyd. Siku sita baadaye, tarehe 1 Mei, kijana mweusi aitwaye Moses Fleetwood Walker alivaa jezi ya timu ya Toledo akacheza mchezo wake wa kwanza katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Kwa hiyo kabla Lloyd hajafikisha hata arobaini yake, mtu mweusi alikuwa akicheza ligi kuu mchana kweupe, bila kujificha na bila kujifanya mtu mwingine.

Hali hiyo haikudumu. Walker alicheza msimu mmoja tu huko juu. Tarehe 14 Julai 1887, viongozi wa ligi moja ya ngazi ya chini iliyoitwa International League walipiga kura wasiidhinishe tena mikataba mipya ya wachezaji weusi. Ligi nyingine zikafuata, hata bila kupiga kura. Lloyd alikuwa na miaka mitatu. Tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers na mlango ukafunguliwa tena, Lloyd alikuwa amebakiza siku kumi atimize miaka 63.

Kazi yake yote ya uwanjani iliingia katikati ya tarehe hizo: kujifunza, kung'ara, kuzeeka, kustaafu. Wapo watu waliobahatika kuzaliwa mapema kidogo au kuchelewa kidogo. Lloyd alizaliwa mahali ambapo ukuta uliuziba wakati wake wote, mwanzo hadi mwisho.

Mimi ni mmoja wa wale watu wanaosoma takwimu za michezo kuliko wanavyoitazama michezo yenyewe. Nipe jedwali la magoli ya msimu wa zamani na nitakaa nalo saa nzima. Ndiyo maana Lloyd ananisumbua. Besiboli inaabudu namba kuliko mchezo mwingine wowote ninaoujua. Kila mpira uliorushwa, kila pigo, kila kosa, kuna mtu pembeni ameliandika. Sasa utamfanya nini mtu ambaye mashahidi wote wanasema alikuwa miongoni mwa walio bora kabisa duniani, lakini daftari kuu lilikataa kumwandika?

*

Kwanza nafasi yake uwanjani, maana bila kuielewa hatutamwelewa yeye.

Msomaji aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya amewaona wasichana wakicheza raunda: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, kisha anakimbia kuzunguka vituo kabla wapinzani hawajaurudisha. Besiboli ni binamu wa mchezo huo. Ina vituo vitatu, na cha nne ambacho ni nyumbani, pale mpigaji anapoanzia. Kutoka kituo hadi kituo ni zaidi kidogo ya mita 27. Mlinzi mmoja anakilinda kituo cha kwanza, mwingine cha pili, mwingine cha tatu. Kisha yupo mchezaji mmoja anayesimama katikati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo hapana kituo chochote. Huyo ndiye shotistopu.

Hana kituo chake, na bado ndiye mwenye kazi nyingi kuliko walinzi wote wa ndani. Wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, na mpira wa mpigaji wa mkono wa kulia hupenda kwenda upande ule. Unakuja ukiviringika, au ukiruka juu ya kokoto na kubadili njia hatua mbili kabla ya kukufikia. Shotistopu anatakiwa auwahi, auokote, ajigeuze na kuutupa hadi kituo cha kwanza, upande wa pili kabisa, kabla mkimbiaji hajafika. Yote hayo kwa sekunde nne hivi. Enzi za Lloyd viwanja vilikuwa vibovu na glavu zilikuwa nyembamba, hazikuzidi sana mkono uliovimba. Timu ilimweka pale mtu iliyemwamini kuliko wote.

Lloyd alikuwa na mwili wa kazi hiyo, na pia hakuwa nao. Alikuwa mrefu, karibu futi sita, mwenye mikono mirefu na viganja vikubwa, wakati mashotistopu wengi wa siku hizo walikuwa vijana wafupi wepesi. Alirusha kwa mkono wa kulia lakini alipiga kwa kushoto. Waliocheza naye walimkumbuka kama mtu asiyelewa wala kutukana, anayeanza kusogea kabla mpira haujapigwa, kana kwamba ameambiwa utakwenda wapi.

*

Alikulia mikononi mwa bibi yake, kwa sababu baba yake alifariki yeye akiwa mchanga. Shule aliiacha kabla ya kumaliza madarasa ya msingi, akawa kijana wa kupeleka bidhaa za duka kwa wateja. Besiboli alijifunzia kwenye viwanja vya vumbi vya Florida. Mwaka 1905 alikuwa Macon, Georgia, kwenye timu ya Acmes, akicheza kama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea mpira wa mrushaji. Timu haikuwa na kinyago cha kukinga uso. Inasimuliwa kwamba mipira ilimpiga usoni hadi macho yakavimba, na siku iliyofuata Lloyd akaja na kikapu cha waya, kile cha kutupia karatasi, akakivaa kichwani na kuendelea kucheza.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, nami nilicheka nilipokisoma mara ya kwanza. Lakini ndani yake kuna bajeti nzima ya besiboli ya watu weusi. Mwaka 1907 Sol White, mchezaji na meneja aliyekuja kumfundisha Lloyd, alichapisha historia ya timu za weusi, na humo akaweka hesabu ya mishahara. Mchezaji wa ligi kuu, aliandika, alilipwa wastani wa dola 2,000 kwa msimu. Mchezaji mweusi alilipwa dola 466. Kipaji kilikuwa kilekile, uwanja una vipimo vilevile, na malipo hayakufika hata robo.

Mwaka 1906 Lloyd alipanda kaskazini kujiunga na Cuban X-Giants, timu ya Philadelphia ambayo, licha ya jina lake, ilikuwa ya Wamarekani weusi. Mwaka uliofuata akaenda Philadelphia Giants ya Sol White, na huko ndiko alikokuwa shotistopu hasa. Mwaka 1910 alikuwa Chicago na Leland Giants ya Rube Foster, 1911 New York na Lincoln Giants, 1914 Chicago tena kwa Foster. Baadaye Brooklyn, Columbus, Atlantic City, Philadelphia, kisha New York tena. Alipoulizwa kuhusu kuhamahama huko, alijibu kwamba palipokuwa na pesa ndipo alipokuwa yeye.

Jibu hilo nalipenda kwa ukavu wake. Mchezaji mweupe wa ligi kuu alifungwa na kifungu cha mkataba kilichompa mwenye timu haki ya kummiliki mwaka baada ya mwaka, na kifungu hicho hakikuvunjwa hadi mwaka 1975. Lloyd, aliyefungiwa nje, alikuwa na uhuru ambao waliofungiwa ndani hawakuwa nao: aliweza kuondoka. Lakini tusiupambe uhuru huo. Alihama kwa sababu timu zilikufa, wenye timu waliishiwa, na msimu mmoja haukutosha kumlisha mtu mwaka mzima. Ndiyo maana kila baridi ilipoingia alipanda meli kwenda Cuba.

*

Havana, mwishoni mwa 1910. Timu ya Detroit Tigers, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa ligi yake miaka mitatu mfululizo kuanzia 1907 hadi 1909, ilikuja kucheza michezo 12 dhidi ya timu mbili za mji huo, Almendares na Habana. Ligi ya Cuba ilikuwa imeshawapokea wachezaji weusi, na Habana ilikuwa imewaajiri Wamarekani weusi kadhaa. Miongoni mwao alikuwa Lloyd.

Nyota wa Detroit alikuwa Ty Cobb, mzaliwa wa Georgia, mpigaji hatari kuliko wote wa enzi yake na mtu ambaye hakuficha chuki yake. Alisifika kwa kukimbia vituo huku ametanguliza miguu, meno ya njumu zake yakimwelekea mlinzi. Cobb alichelewa kufika Havana, akacheza michezo mitano tu.

Katika besiboli, ukipiga vizuri mara 3 kati ya 10 wewe ni mchezaji mzuri. Ukifika 4 kati ya 10 kwa msimu mzima, watu watakusimulia kwa miaka mia. Cobb, katika michezo yake mitano, alifanikiwa mara 7 kati ya 19. Hiyo ni hesabu ya kujivunia. Lloyd alifanikiwa mara 11 kati ya 22. Nusu kamili. Na si yeye peke yake: Wamarekani weusi wenzake wawili katika timu ya Habana, Grant Johnson na mdakaji Bruce Petway, nao walimaliza juu ya Cobb.

Hizo ndizo namba. Kando yake kuna masimulizi. Inasemekana Lloyd, akijua tabia ya Cobb, alivaa vikinga vya chuma ndani ya soksi, na Cobb alipokuja na njumu zake akagonga chuma. Inasemekana Cobb aliondoka Havana akiapa kutocheza tena na watu weusi. Nimekutana na masimulizi haya yakisemwa kwa namna nyingi, chuma kikizidi unene kila yanaposimuliwa upya. Sioni haja ya kuyategemea. Namba zinatosha, na zilichapwa kwenye magazeti ya siku zile.

Cuba ilimpa Lloyd kitu kingine pia. Watu wa huko waliona jinsi viganja vyake vikubwa vilivyouokota mpira pamoja na udongo wake, kokoto zikiruka pembeni anapoutupa, wakamwita Cuchara. Kijiko.

*

Marekani walimpa jina jingine. Walimwita "Wagner Mweusi".

Honus Wagner wa Pittsburgh Pirates, mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, alikuwa shotistopu bora wa ligi kuu. Kwa wengi bado ndiye bora katika historia yote. Mara nane aliongoza ligi yake kwa wastani wa upigaji. Ukumbi wa Heshima wa besiboli ulipochagua watu wake wa kwanza mwaka 1936, walikuwa watano tu, naye alikuwa mmoja wao. Kadi yake ndogo ya karatasi, iliyotiwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911 na kusitishwa mapema, huuzwa kwa mamilioni: mwaka 2022 moja ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 7.

Sisi tunaijua tabia hii ya majina. Kila mtaa una Messi wake na Okocha wake. Tunampa kijana jina la mkubwa kama zawadi, na yeye hulipokea kwa furaha. Lakini jina la namna hiyo lina sharti lake: anayefananishwa ndiye mdogo. Hakuna anayemwita Messi kwa jina la kijana wa mtaani. Wagner na Lloyd walicheza miaka ileile, nafasi ileile, katika nchi ileile, na hakuna aliyemwita Wagner "Lloyd Mweupe".

Wagner mwenyewe alionekana kuliona hilo. Alisema kwamba baada ya kusikia kuna mtu anaitwa kwa jina lake alikwenda kumtazama, na baada ya kumwona akajihisi ameheshimiwa kufananishwa naye. Connie Mack, aliyeiongoza Philadelphia Athletics kwa nusu karne, anaripotiwa kusema kwamba ungeweza kuwatia Wagner na Lloyd ndani ya gunia moja, ukatoa yeyote bila kutazama, na usingekosea.

Nimeyafikiria sana maneno hayo ya Mack. Ni sifa kubwa. Lakini Mack alikuwa mwenye timu, mtu mwenye kalamu na mikataba, na hakumtoa Lloyd kwenye gunia hilo hata siku moja. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa ya ligi kuu iliyomzuia. Palikuwa na makubaliano ya kimya, na makubaliano ya kimya ni magumu kuyavunja kwa sababu hakuna karatasi ya kuchana.

Wengine walijaribu kupita pembeni. Mwaka 1901 John McGraw, meneja wa Baltimore, alimwona mchezaji mweusi aitwaye Charlie Grant aliyekuwa akifanya kazi hotelini huko Hot Springs, Arkansas, akataka kumwingiza kama Mhindi Mwekundu wa kabila la Cherokee kwa jina la Tokohama. Njama ilijulikana, na mwenye timu ya Chicago, Charles Comiskey, akapinga. Grant hakucheza. Mwaka 1911, miezi michache baada ya ile michezo ya Havana, timu ya Cincinnati iliwasajili Wakuba wawili, Armando Marsans na Rafael Almeida, na kulazimika kuwahakikishia mashabiki kwamba damu yao ilikuwa ya Kihispania tupu. Mkuba mweupe aliruhusiwa. Lloyd, aliyekuwa anacheza dhidi ya Wakuba haohao kila majira ya baridi, alikuwa mweusi mno kwa udanganyifu wowote. Wala hakuna habari kwamba aliwahi kuomba adanganyiwe.

*

Tarehe 13 Februari 1920, katika jengo la YMCA la Kansas City, Rube Foster aliwakutanisha wenye timu za weusi wakaunda Negro National League. Palikuwa na timu nyingi na mashabiki wengi kabla ya hapo. Kilichokosekana ni ratiba moja, msimamo mmoja, ligi yenye mpangilio. Foster alileta hayo. Mwaka uliofuata Lloyd akaenda Columbus, Ohio, kuwa mchezaji na meneja wa timu mpya ya Buckeyes.

Shika tarehe hiyo ya 1920, tutairudia. Lloyd alikuwa anakaribia miaka 36.

Aliendelea kucheza kwa muda ambao wengine wangeshakuwa vijiweni wakisimulia. Miguu ilipopungua kasi alihama kutoka nafasi ya shotistopu akaenda kituo cha kwanza, mahali ambapo wazee wa besiboli humalizia safari. Hatimaye akapata kituo chake. Wachezaji wachanga walianza kumwita Pop, yaani Baba, na jina hilo likabaki. Tarehe 5 Julai 1930, akiwa na miaka 46, aliiongoza Lincoln Giants kuingia Yankee Stadium kucheza na Baltimore Black Sox. Ilikuwa mara ya kwanza timu mbili za weusi kucheza kwenye uwanja huo. Mapato yalikwenda kwa chama cha wafanyakazi weusi wa mabehewa ya kulala ya treni, kile kilichoongozwa na A. Philip Randolph. Lloyd alicheza kituo cha kwanza siku hiyo, katika uwanja ambao ujana wake wote usingeruhusiwa kuukanyaga kama mchezaji wa ligi kuu.

Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kubaki Atlantic City, New Jersey. Hapakuwa na pensheni. Alifanya kazi ya usafi posta, kisha katika shule za mji. Watoto walimjua kama mzee wa shule aliyewafundisha kucheza, na aliisimamia ligi yao ndogo. Sidhani wengi wao walijua kwamba mtu anayefagia ukumbi wao aliwahi kumzidi Ty Cobb.

Mwaka 1949 mji ulijenga uwanja wa besiboli na kuuita kwa jina lake. Robinson alikuwa ameshaingia ligi kuu miaka miwili kabla, na kila mtu alimwuliza Lloyd lile swali: hasikitiki kwamba alizaliwa mapema mno? Katika sherehe za uwanja huo alilijibu. Alisema haoni kwamba alizaliwa wakati usio wake. Aliona ulikuwa wakati wake hasa, kwa sababu ulimpa nafasi ya kuonyesha uwezo wa watu wake katika mchezo huo, na kwa mwenendo wao wakawapa wengine nafasi ya kuingia.

Mara nyingi maneno haya hunukuliwa kama ushahidi wa upole wake. Mimi kwanza yaliniudhi. Nilitaka akasirike. Nilitaka mzee wa miaka 65 mwenye ufagio aseme kwamba ameibiwa, kwa sababu aliibiwa. Lakini kadiri ninavyoyasoma ndivyo ninavyoona kwamba anakataa kitu fulani. Kusema "nilizaliwa mapema mno" ni kukubali kwamba ligi kuu ndiyo besiboli, na kwamba miaka yake 26 uwanjani ilikuwa chumba cha kusubiri. Lloyd hakuwa anasubiri. Alikuwa anacheza, mbele ya watu waliolipa kiingilio, dhidi ya wachezaji kama Grant Johnson na Oscar Charleston. Ukimhurumia sana unaishia kukubaliana na waliomfungia, kwamba upande wa pili wa ukuta ndiko kulikokuwa na maisha.

*

Lloyd alifariki katika miaka ya 1960. Ukumbi wa Heshima ulimwingiza mwaka 1977, pamoja na Martín Dihigo wa Cuba. Desemba 2020 ligi kuu ilitangaza kwamba ligi saba za weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 zitatambuliwa kuwa ligi kuu. Na Mei 2024, baada ya kamati ya wanahistoria kuzipitia takwimu, namba za ligi hizo zikaingizwa rasmi kwenye daftari. Josh Gibson, aliyefariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia uwanjani, akawa kinara wa wastani wa upigaji wa wakati wote kwa .372, akimpita Cobb mwenye .367.

Nilifurahi. Magazeti ya watu weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier yalikuwa yamechapisha majedwali ya michezo wiki baada ya wiki, na watafiti walikuwa wamekesha miaka mingi wakiyakusanya, mchezo mmoja mmoja. Walionung'unika walisema takwimu hizo zina mapengo. Ni kweli, zina mapengo. Lakini daftari la weupe nalo halikushuka kutoka mbinguni. Mwaka uleule wa 1910, Cobb alipokuwa akishindana na Nap Lajoie kwa zawadi ya gari, mchezo wake mmoja aliopiga mara 2 kati ya 3 uliandikwa mara mbili. Mtafiti aligundua kosa hilo miongo mingi baadaye, na mwaka 1981 kamishna wa besiboli akakataa kulisahihisha. Hadi leo vitabu havikubaliani kama wastani wa Cobb ni .366 au .367. Kosa la Cobb ni sehemu ya historia. Pengo la mtu mweusi ni sababu ya kumtilia shaka.

Kisha nikamtafuta Lloyd kwenye hesabu hiyo mpya, na hapo ndipo tarehe ya 1920 ilipoanza kuniuma. Kabla yake hakukuwa na ligi ya weusi yenye mpangilio, kwa hiyo hakuna takwimu zinazotambuliwa. Kanuni hiyo inaeleweka, na haikuwekwa kwa nia mbaya. Lakini matokeo yake ni kwamba katika daftari la ligi kuu hakuna Lloyd mwenye miaka 25. Hakuna Lloyd wa Philadelphia, wala wa Lincoln Giants ya 1911, wala wa Foster 1914. Daftari linamjua mzee tu.

Nilifanya jaribio. Nilichukua rekodi za Honus Wagner, aliyezaliwa Februari 1874, nikazikata kwa mkasi huohuo, nikihesabu kuanzia msimu aliokuwa na miaka 36, yaani 1910. Wagner aliongoza ligi kwa upigaji mwaka 1900, 1903, 1904, 1906, 1907, 1908, 1909 na 1911. Ukikata hapo, mataji saba kati ya manane yanaanguka chini. Linabaki moja. Linabaki jina la mzee hodari aliyecheza hadi 1917, na mtu akikuambia huyu ndiye shotistopu bora katika historia utamwomba ushahidi.

Ndivyo haki iliyochelewa inavyofanya kazi, hata ikiwa na nia njema. Inakuja na rula yake, na rula hiyo inapima pale tu palipoandikwa, na palipoandikwa ni pale tu palipokuwa na ligi, na ligi ilichelewa kwa sababu ya ukuta. Ukuta umebomolewa, lakini umbo lake limebaki kwenye jedwali.

Mapigo 11 kati ya 22 ya Havana hayamo kwenye daftari hilo, na hayatakuwamo. Ilikuwa michezo ya kirafiki, nje ya nchi, miaka kumi kabla ya tarehe. Lakini siku ile watu wa Havana walikuwa wamekaa majukwaani wakihesabu, na magazeti yao yakaandika. Walimwona akipiga, walimwona akiokota mpira na udongo wake. Walipotafuta jina la kumpa, hawakuangalia nani anafanana naye kule Pittsburgh. Waliangalia mikono yake.